King'ora kinalia bure, sasa naletewa faini

Wakuu, king'ora cha nyumbani kimelia tena usiku, polisi wakaja, mwizi hakuna. Leo nimeletewa barua ya faini. Hivi kweli naadhibiwa kwa kujilinda?

Jibu: Unalipia safari ya bure ya askari, mkuu. Miji mingi hudai kibali cha king'ora, husamehe makosa ya mwanzo, kisha faini hupanda. Salt Lake City huko Marekani walikaza zaidi: tangu mwaka 2000 polisi hawaendi kwa king'ora cha wizi mpaka mtu, kwa kawaida mlinzi binafsi, athibitishe kwanza. Mimi naona wana haki.

Jibu: Kihisi chako, kile kifaa cha king'ora kinachogundua mtu akipita, kinatazama wapi? Hivi vya kawaida husoma joto linalosogea. Kikielekea hita, au paka akipanda kabati, kinalia. Buibui akitembea juu ya kioo chake ndiyo balaa kabisa.

Muuliza swali: Hita sina. Paka yupo, tena mzururaji.

Jibu: Basi mshukiwa tumempata! Hamisha kihisi, angalia betri, na uwaambie kampuni inayofuatilia king'ora chako wakupigie kwa namba mbili tofauti kabla ya kuita polisi. Barua nayo isome mpaka chini, mara nyingi kuna muda wa kukata rufaa, na risiti ya fundi husaidia.