Tupeane uzoefu: ni lini ulitambua kwamba unayebishana naye siasa haamini anachokisema?

Mwanzisha mada, Magomeni

Ndugu zangu, salaam. Nimeishi Magomeni kwa zaidi ya miaka 30, na jioni nyingi za miaka hiyo nimezimalizia kwenye benchi la kijiwe cha kahawa. Naanzisha mada hii kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, na sikusudii kumshambulia mfuasi wa chama chochote. Ninaomba tusimuliane jinsi mijadala yetu ya vyama inavyotawaliwa na watu ambao mdomo unasema hili na nia iko kwingine. Sharti langu ni moja tu: kila mtu aanze na yake kabla ya kufika kwa jirani. Nami naanza na langu.

Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, viongozi wa upinzani walisoma hadharani orodha ya watu waliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Edward Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu kutoka CCM, chama tawala, lilikuwamo. Nilikata kipande cha gazeti chenye habari ile, nikakikunja mara nne, nikakiweka kwenye pochi. Alipojiuzulu Februari 2008 kwa sababu ya sakata la Richmond, yaani mkataba tata wa umeme wa dharura, kipande kile kilikuwa hirizi yangu. Kila mwana-CCM alipofungua mdomo kijiweni nilikitoa, nikakikunjua taratibu juu ya goti na kumwambia asome mwenyewe. Kwa miaka minane sikuwahi kushindwa ubishi.

Julai 2015 Lowassa akahamia Chadema, chama cha upinzani, na kuwa mgombea urais wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Wiki ile ile nilikitoa kipande kwenye pochi na kukifungia kwenye droo ya kabati nyumbani. Nilipofika kijiweni nilianza kuuliza kwa sauti kubwa ushahidi uko wapi, na ni mahakama gani iliyomtia hatiani. Swali lenyewe lilikuwa la haki, kwa kuwa hakuna mahakama iliyomtia hatiani, lakini kwa miaka minane yote halikuwahi kunijia kichwani. Mkabala nami alikaa rafiki yangu wa siku nyingi, mwana-CCM wa kadi, ambaye tangu 2008 alikuwa akiniambia kwamba kujiuzulu kule kulikuwa ajali ya kisiasa tu. Jioni ile alizitaja tuhuma zote moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule niliokuwa nikiutumia mimi, na nadhani alijifunza kwangu. Mzee aliyekuwa akituuzia kahawa alisimama na birika mkononi, akatutazama wote wawili, akasema, "Wanangu, mbona leo kila mmoja anasema ya mwenzake?" Hakuna aliyemjibu. Nilikunywa kahawa yangu ikiwa moto hivyo hivyo ili nipate sababu ya kunyamaza.

Machi 2019 Lowassa alirejea CCM. Nakiri kwamba usiku wa siku ile nilikwenda kwenye kabati nikaifungua droo, na mkono wangu ulikuwa umekwisha kukishika kipande kile ndipo nikajitambua. Marehemu, Mungu amrehemu, hakuwa amebadilika kwa namna yoyote niliyoweza kuieleza. Kilichobadilika ni upande aliokaa, nami kumbe nilikuwa nikilinda upande na kuuita ukweli.

Tangu hapo nasikia kasoro hii kila mahali. Mtu akiuliza swali linalouudhi upande mmoja anaitwa "buku saba", yaani amelipwa shilingi 7,000 aandike. Akiuudhi upande wa pili anaitwa "nyumbu", yaani anafuata kundi bila kufikiri. Yote mawili ni njia ya kumkwepa muulizaji, na swali lake linabaki pale pale barabarani kama mzigo usio na mwenyewe.

Mchangiaji, Tandika

Ahsante, mkuu, kwa kuanza na yako. Mimi nilifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini kwa miaka 14, na nataka kusimulia mwaka 2023.

Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari tarehe 10 Juni mwaka ule. Ofisini kwetu, ambako sitapataja, bosi alituita wakati wa chai akatuambia kwamba tukiwa mtaani tuseme nchi imeuzwa. Yeye mwenyewe, tulipobaki wawili, aliniambia hofu yake halisi: mwendeshaji mpya akileta mifumo yake, zile safari za kufuatilia karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, ambazo wateja wanatulipa tuzifanye, zitakwisha. Hofu ile ilikuwa halali kabisa. Watu wengi wa Kurasini na Temeke wanakula kwa karatasi hizo, na angesimama akaisema hivyo hivyo ningemuunga mkono hadharani. Badala yake tuliivika nguo ya uzalendo.

Upande wa pili haukuwa bora. Binamu yangu, kijana wa chama, alinijibu kwamba kila anayehoji ana chuki ya dini, na hasa baada ya tamko la maaskofu wa Kanisa Katoliki la mwezi Agosti mjadala mtaani kwetu ulihama kutoka kwenye mkataba ukawa wa nani anasali wapi. Niliumia sana, kwa sababu Tandika tunazikana na kuoleana bila kuulizana hayo.

Mimi nilichapisha makubaliano yale dukani, nikayasoma ibara zote 31, nyingine mara tatu. Ibara ya 23 ilinisumbua, kwa sababu haikutaja idadi ya miaka. Ilisema makubaliano yataendelea hadi shughuli zote za miradi zitakapokoma. Nilikwenda na makaratasi yale kwenye kibaraza tunachokaa, kidole kikiwa kwenye ibara ile, nikawapa wote wawili, jirani anayesema imeuzwa na binamu anayesema ni chuki. Jirani alisema hana miwani. Binamu alisema atasoma baadaye. Makaratasi yalirudi mikononi mwangu yakiwa hayajafunguliwa hata ukurasa mmoja, na wao wakaendelea kugombana juu ya kichwa changu.

Mikataba ya utekelezaji ilisainiwa Oktoba 2023 ikiwa na ukomo wa miaka 30 kwa gati namba 4 hadi 7. Kwa hiyo suala la muda lilikuwa la kweli na lilistahili kuulizwa kwa lugha ya kawaida. Pale kibarazani hakuna aliyelizungumza tena, kwa kuwa ugomvi ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye jambo jingine.

Mchangiaji, Mbezi

Yangu ni fupi. Shemeji yangu anakodisha mahema na viti. Hoja zake za kisiasa zimebadilika mara tatu ndani ya miaka kumi, na kila mara zimefuata anakokodishiwa mahema. Nilipomwambia hivyo hakukasirika. Aliniuliza ada za watoto wake nitamlipia mimi? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mchangiaji, Kinondoni

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika haya, lakini kwa kuwa sharti ni kuanza na yako, basi haya ni yangu.

Mwaka 2020 nilikuwa nimehitimu na sina kazi. Rafiki aliniunganisha na kundi la kuandika mitandaoni. Sitataja chama, na naomba msinibashirie, kwa sababu baadaye nilikutana na binti aliyekuwa akifanya kazi ile ile kwa upande mwingine na tukagundua kwamba hata maelekezo yetu yalifanana. Asubuhi tulitumiwa mada ya siku, picha ya kubandika, na maneno ya kumjibu anayepinga. Maelekezo yalikuwa wazi kwamba tusibishane kwa hoja, kwa sababu hoja hurefusha mazungumzo. Tumuulize mtu ametumwa na nani, kisha wenzetu waje chini yake kwa wingi. Jioni fedha iliingia kwenye simu.

Siku moja mama mmoja, ambaye nilielewa kutokana na maelezo yake kuwa ni muuguzi, aliandika kwamba zahanati ya mtaani kwake haina dawa za presha na wazee wanarudishwa nyumbani. Hakutukana wala kutaja chama. Nilimwandikia kwamba ametumwa, na ndani ya nusu saa wenzangu walikuwa wamemfanyia walichomfanyia hadi akafuta ujumbe wake. Nilipoinua macho niliona juu ya meza bahasha ndogo ya kaki ya dawa za presha za mama yangu, niliyoinunua duka la dawa mchana ule kwa fedha ya kazi hiyo, kwa sababu zahanati ya kwetu nayo ilituambia hazipo.

Yaani nilimwita mwongo mtu aliyesema jambo ambalo ushahidi wake ulikuwa mbele yangu, umeandikwa kwa kalamu "1x1 asubuhi". Niliendelea na kazi ile majuma mengine mawili, na hilo pia lazima niliseme. Mama yule sikuwahi kumwona tena mtandaoni. Kama anasoma hapa, naomba anisamehe.

Mchangiaji, Ilala (mwalimu mstaafu)

Binti yangu wa Kinondoni, umefanya jambo gumu, na nakuheshimu kwa hilo.

Nina pingamizi kidogo kwa mwelekeo wa mada. Tukishazoea kuwinda nia za watu tutaacha kuzisikiliza hoja zao, na hapo tutakuwa tumefanya kazi ile ile ya "umetumwa na nani" kwa ustaarabu zaidi. Nilikuwa mtu mzima wakati Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Niliwajua watetezi wa chama kimoja waliokuwa wakilinda vyeo vyao, na niliwajua wanamageuzi waliokuwa wakivitamani vyeo hivyo hivyo. Ningepima jambo lile kwa nia zao nisingefika popote. Muuza miamvuli akikwambia mvua inakuja, tazama mawingu.

Lakini kuna tofauti ambayo nimeifikiria sana. Miaka yote niliyofundisha nilisimamia midahalo ya shule. Mwanafunzi anapangiwa upande wa kutetea au wa kupinga, anasimama na kutetea asichokiamini, wala hadanganyi mtu, kwa sababu ukumbi mzima unajua kwamba amepangiwa. Mwisho wa mdahalo wanapeana mikono. Kijiweni pia watu wamepangiwa pande, ama na tumbo, ama na woga, ama na urafiki, ila wanatuapia kwamba wamezichagua wenyewe. Uongo uko hapo, na shemeji wa Mbezi, kwa kusema wazi habari ya ada, nadhani ndiye mkweli kuliko wengi tuliowasikia.

Mwanzisha mada, Magomeni

Mwalimu, nimekuelewa na nakubali. Ndiyo sababu nilisema tuanze na yetu wenyewe: nia yangu naijua, ya mwingine nabahatisha.

Baada ya kusoma maneno ya dada wa Kinondoni nilikichukua kile kipande cha gazeti nikaenda nacho kijiweni. Mzee wa kahawa alikwisha kufariki, sasa anauza mwanawe. Nilikiweka kwenye benchi katikati yangu na yule rafiki yangu wa CCM, nikamweleza habari ya pochi na droo kama nilivyoieleza hapa. Alikitazama muda mrefu bila kukigusa, kwa kuwa mikunjo imechakaa na kinaelekea kukatika vipande vinne. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba mwaka 2015 kijana wake alikuwa akisubiri ajira, na aliogopa kuonekana amenyamaza wakati wenzake wanapaza sauti. Kuhusu Lowassa mwenyewe, alisema, hakuwa na maoni yoyote.

Nilipotaka kukirudisha mfukoni alinizuia. Aliomba akitunze yeye, ili siku nyingine nikigeuka anionyeshe, akaniambia nami nitafute neno lake moja la zamani nilitunze. Bado nalitafuta, kwa sababu yeye hakuwahi kuandika chochote, na yote aliyoyasema nayakumbuka kwa namna inayonifaa mimi.