Mbolea ya ruzuku: nina ekari 3, mfumo unasema nina 11 na mgao wangu umekwisha!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mtanisamehe.

Mimi ni mkulima huku Umalila, Mbeya Vijijini. Nina ekari 3: mbili mahindi, moja viazi. Mvua zimeanza, nikaamka saa kumi alfajiri, bodaboda mpaka Mbalizi kufuata DAP, mbolea ya kupandia. Anayeijua barabara ya Ilembo ikinyesha anajua unafika ukiwa na rangi ya tope lenyewe.

Foleni mpaka saa nane mchana. Zamu yangu ikafika, nikamsomea wakala anayeuza mbolea ya ruzuku namba yangu ya usajili. Kaingiza, kanyamaza. Kaingiza tena.

"Mzee, wewe mbona umeshamaliza mgao wako?"

Nimemaliza lini, na sijanunua hata kilo? Nikamng'ang'ania mpaka akanigeuzia simu yake. Majina yangu yote matatu, hayana kosa hata la herufi. Kijiji changu. Ukubwa wa shamba: ekari 11. Na mifuko ya ekari zote hizo 11 imeshachukuliwa, DAP na urea.

Kumi na moja! Ukoo wetu mzima tukiunganisha mashamba, na makaburi ya wazee tukayapima humo humo, hatufiki.

Nikarudi kwa mtendaji wa kijiji. "Hayo ni ya mfumo, mimi naandika daftarini tu." Nikamwomba daftari. Kwa kalamu ya bluu, mbele ya jina langu, pameandikwa 3, tena imezungushiwa duara. Basi nani kaigeuza? Mtendaji anasema taarifa aliingiza kijana mmoja wa kata. Kijana hapokei simu. Wakala anasema yeye anauza kwa namba aliyoletewa, mwenye namba hamjui. Kila mtu anausingizia mfumo, kana kwamba mfumo una mgongo wa kubeba mfuko wa kilo 50.

Sasa sikieni hili. Natoka pale kichwa chini, jamaa ananifuata pembeni: mbolea ipo, laki na kumi, hutaji namba. Nikaenda kuangalia. Mifuko ni ile ile ya ruzuku, na ile alama ya kuskani iko pale pale. Mfuko ambao ningeulipia elfu sabini na kitu! Kwa hiyo nauziwa mbolea iliyotolewa kwa jina langu, kwa bei ya mtu asiye na jina.

Tarehe 8 Agosti 2022 nilikuwepo uwanja wa John Mwakangale, Nane Nane, Rais Samia alipozindua ruzuku hii. Mwaka ule DAP ilikuwa imevuka laki na ishirini, watu wanapanda bila mbolea. Tulishangilia kwa moyo, na msimu wa kwanza nilipata yangu bila shida, sitasema uongo. Tukaambiwa usajili wa kwenye mtandao utaondoa yale ya vocha za pembejeo zilizoanza 2008, ambapo mtu anasainiwa vocha na yeye yuko shambani analima. (Wapo pia waliouza vocha zao wenyewe kwa hela ya chumvi na sabuni, tusijifanye watakatifu.) Lakini enzi za vocha mwizi alilazimika angalau kuigiza sahihi yangu. Huyu wa leo kabonyeza tu.

Mlioko Mbozi, Makambako, Njombe, Kilolo: kabla hamjapanda gari kwenda kwa wakala, mwombeni mtendaji au afisa ugani awasomee ekari zenu kwenye mfumo, si kwenye daftari. Na aliyewahi kurekebishiwa, aseme alianzia ofisi gani na ilichukua siku ngapi. Mke wangu ameanza kupanda kwa samadi, na zizini tuna ng'ombe wawili tu.

Na wewe uliyeniongezea ekari 8, kama unasoma hapa, nielekeze basi ziko upande gani nikazilime.