Bangili za mkononi zinagoma kwenye bustani ya michezo, tuombe mpya zote au tuvumilie siku tatu zilizobaki?

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri wenu hasa mliowahi kwenda kwenye hizi bustani kubwa za burudani ambako kila kitu ni bangili. Tuko likizo na baba watoto, watoto wawili (miaka 10 na 6) na mama yangu mzazi, leo ni siku ya tatu na zimebaki tatu. Mkishafika kila mtu anavaa yake mkononi, basi hiyo ndo tiketi ya getini, hiyo ndo ufunguo wa chumba, hiyo ndo foleni ya haraka, hata maji ya kunywa unagusisha tu unaondoka.

Sasa siku ya kwanza getini ya binti yangu mdogo ikagoma. Sisi wote taa imewaka kijani tumepita, yeye anagusisha taa inazunguka inazunguka halafu inabadilika rangi na geti halifunguki, akageuka akaniangalia mdomo umeshaanza kutetemeka maana kaka yake alikuwa ameshavuka upande wa pili anamsubiri. Nyuma yetu foleni imejaa. Akaja dada mmoja mhudumu, akachuchumaa mpaka wakawa wanaangaliana usoni na mtoto, akamwambia hebu nionyeshe hiyo bangili yako nzuri, akaizungusha mkononi ili upande wenye chipu utazame mashine, ikagoma tena, akachukua tableti yake akaingiza namba ndogo zilizoandikwa kwa ndani. Kumbe bangili za watoto zilikuwa zimesajiliwa kwa kubadilishana majina, ya dada iko kwa kaka. Akarekebisha pale pale, haikufika dakika tatu, na taa ilivyowaka kijani yule dada akampigia makofi kabisa.

Siku ya pili ikawa zamu ya mama, wanasoma kidole pamoja na bangili, kidole chake kikakataa mara tatu. Kaka wa getini akamwambia mama usijali, akaomba kitambulisho, akaangalia jina, akampitisha.

Leo ndo nimechoka. Saa nane mchana tunarudi chumbani, mtoto amelala begani kwa baba yake, mlangoni taa nyekundu, tumejaribu bangili zote tano ni nyekundu tu. Na asubuhi kwenye saa tano na nusu nilikuwa nimejaribu kulipia juisi nayo ikakataa nikatoa kadi ya benki. Mapokezi palikuwa na watu wengi, wakatupa kadi ya muda tukalaze mtoto, wakasema turudi jioni wakague vizuri.

Maswali yangu: niombe bangili mpya zote tano? Na nikienda tena nitaonekana msumbufu? Maana wahudumu wa hapa kiukweli wana moyo, naona aibu kuwafuata kila siku. Na yule dada wa siku ya kwanza natamani kumshukuru ila sijui pa kuanzia.

Kijana wa Safari
Pole dada. Mimi ningeachana na bangili kabisa nikatumia simu, bustani nyingi siku hizi zina programu yao, tiketi iko humo na mlango unafungua humo humo.

Shangazi Mtulivu
Simu sawa kwa nyie vijana, ila mtoto wa miaka 6 utampa simu? Na mchana kutwa unapiga picha, unaangalia ramani, unaangalia foleni, saa kumi chaji imekwisha mko mbali na chumba. Bangili haiishiwi chaji getini.

Mama Wawili, kuhusu mama yetu wala usiogope, watu wazima alama za vidole huwa zinalika, ngozi inakuwa kavu na mistari inafifia. Asipake losheni wala mafuta ya jua kidoleni kabla ya geti, na waombe wamsajilie kidole kingine au watumie kitambulisho. Na mama atangulie getini siyo awe wa mwisho, akikwama mko nyuma yake, mtu mzima kubaki peke yake upande wa nje inamtia unyonge bila sababu.

Fundi Waya
Dada ngoja nikueleze maana nafanya kazi na hizi mashine za kugusisha. Usiombe mpya tano. Hizo bangili kwa sehemu ya kugusisha hazitumii betri, ndani kuna chipu na waya mwembamba uliozungushwa, umeme inaupata kwenye mashine yenyewe ukiisogeza, ni teknolojia ile ile ya kadi za benki za kugusisha, masafa ya megahezi 13.56, na inasomeka sentimita chache tu. Hata zile zenye taa za kuchaji, taa zikizima bado geti na mlango vinafunguka. Walt Disney World kule Florida walianza nazo 2013 na kanuni ni hiyo hiyo. Kwa hiyo chipu kufa ni nadra, na tano kufa saa moja ndo haiwezekani kabisa. Zikigoma zote kwa pamoja tatizo liko kwenye akaunti au kwenye kitasa.

Kitasa nacho huwa na betri zake, zikichoka kinasumbua, lakini kadi ya muda imefungua kwa hiyo kitasa ni kizima. Nikuulize kitu kimoja, chumba mlibuk mara moja?

Mama Wawili
@Fundi Waya hapana! Kwanza tulilipia usiku mbili, baadaye mama akakubali kuja tukaongeza tatu, chumba kile kile ila ni buking mbili tofauti.

Fundi Waya
Hapo hapo. Buking ya kwanza imeisha leo muda wa watu kutoka vyumbani, mfumo ukajua mmeshaondoka, ukafunga mlango na malipo ya chumba kwa pamoja. Ndo maana juisi ilikataa kabla hata hamjafika mlangoni. Waambie maneno haya tu: naomba muunganishe buking zangu mbili, bangili zimebaki kwenye ya kwanza. Usiseme bangili ni mbovu, watakubadilishia bangili na utarudi tena hapo hapo. Ukiwa pale waombe wajaribu zote tano mbele yako, moja moja, na piga picha zile namba za ndani uzihifadhi.

Lingine, baba watoto asiweke kadi ya chumba karibu na bangili wakati wa kugusisha, mashine ikiona chipu mbili kwa wakati mmoja inachanganyikiwa.

Msafiri Mwenzenu
Usumbufu hakuna dada yangu, wale kazi yao ndiyo hiyo na wengi wanaipenda kweli. Nenda usiku kidogo watu wakipungua. Yule dada, kama unakumbuka jina kwenye beji, saa, na geti gani, nenda ofisi ya huduma kwa wageni useme unataka kuacha pongezi, wanaandika na inamfikia msimamizi wake. Mtu akifanya vizuri huwa hakuna anayerudi kusema, tunarudi kwenye malalamiko tu.

Mama Wawili
Wakuu nimerudi. Tumeenda saa tatu usiku, nimesema maneno ya Fundi Waya kama yalivyo, kaka wa mapokezi akaangalia kompyuta akacheka akasema ni kweli mmeshaondoka asubuhi hapa. Ameunganisha, amejaribu zote tano, ya mama yangu ndo ilikuwa ya mwisho na akamwomba radhi yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Pongezi nimeziandika, jina nilikuwa nalikumbuka, na binti yangu amechora bangili ya njano pembeni ya karatasi.

Tumerudi chumbani akakataa mtu yeyote asiguse mlango, akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akagusisha mwenyewe. Kijani. Akafunga akafungua tena mara nne, baba yake amesimama tu kwenye korido na viatu vyake mkononi anamsubiri amalize. Asanteni sana jamani, Fundi Waya Mungu akubariki.