Babu wa nyanya Mmarekani wa Salem, babake namjuaje?

Kibokoni_wetu: Asalaam aleikum nduzanguni. Kwetu Mji wa Kale tumekua tukiambiwa babu wa nyanya mzaa mama alikuwa Mmarekani, baharia wa meli za Salem, Massachusetts, zile zilokuwa zikija Unguja kuchukua pembe na sandarusi na kushusha vitambaa vya merekani. Sasa nimeingia FamilySearch (tovuti ya kutafuta nasaba, ni bure) nimempata sensa ya Marekani ya 1850, umri 24, baharia, nyumba moja na mzee wa 57 mwenye jina lile lile la ukoo. Kurudi 1840 jina lake halipo kabisa! Na shemeji yangu kashamuandika yule mzee kuwa ndiye baba, mie roho haijatulia.

Likoni4life: 😂😂 kumbe merekani nyinyi mwaivaa na mwaizaa

Mzee_wa_faili: Wacha utani wewe. Kibokoni, 1840 hutompata hata ukeshe, sensa za kabla ya 1850 ziliandika jina la mwenye nyumba tu, waliobaki ni hesabu kwenye kolamu za umri. Kwa hivyo mtafute YULE MZEE 1840 halafu tizama kolamu ya wanaume wa 10 hadi 15, maana wenu angekuwa na kama 14, kama ni tupu basi shemejio kakimbilia. Lakini hata ikiwa na mtu usishangilie, sensa ya 1850 haisemi nani ni nani wa nani, hilo lilianza 1880, so mzee aweza kuwa ami yake tu. Dawa ni rejista za vizazi za Salem, na mirathi ya huyo mzee, itafute Essex County maana ndiko Salem iliko, wosia mara nyingi wataja watoto kwa majina kama tu faili za kwa kadhi hapa.

Dada_Mtwapa: Naongezea, tafuta orodha za mabaharia wa Salem, Mystic Seaport, makumbusho ya bahari huko Marekani, wameziweka mtandaoni, zaandika umri, alikozaliwa, mpaka urefu na rangi ya nywele. Ukikuta alikozaliwa hakulingani na kwenye sensa ujue huyo wa sensa pengine si wenu, majina yao wale yarudiana sana. Pia konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, tangu 1837, alikuwa mtu wa Salem, na karatasi zake ziko Phillips Library, maktaba ya huko Massachusetts. Na kama mamako yuhai mpime DNA yeye kwanza, ana damu yake nyingi kukushinda wewe.

Kibokoni_wetu: Shukran sana. Nshaangalia 1840, mzee yupo na kolamu ya 10 hadi 15 ina wanaume WAWILI, sasa nani ni nani sijui, naingia kwa hizo orodha za meli usiku huu. DNA nimemgusia mama, kasema hatemi mate kwenye chupa ya mtu asiyemjua halafu ipelekwe Ulaya, na kanikatia simu.

Dada_Mtwapa: Mtume shangazi yako akamwambie, wewe hatokusikia.