Mjadala: Vibao vya makutano ya barabara kuu vinamsaidia dereva au vinamchanganya?

Mshale Mmoja: Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito. Gari likienda kilomita 100 kwa saa linapita karibu mita 28 kila sekunde. Ukitumia sekunde nne kusoma kibao, umeshakula zaidi ya mita 110, na njia ya kutokea iko hapo hapo. Halafu kibao chenyewe kina majina sita, namba tatu za barabara, na mishale ambayo hujui inahusu leni ipi. Naona kila leni ipewe mshale wake juu yake, na majina yasizidi matatu. Mnaonaje?

Kanyaga Twende: Vibao havina shida. Shida ni leseni kutolewa ovyo. Asiyeweza kusoma majina sita abaki nyumbani, barabara ipumue.

Baba Lori: Kanyaga, mimi nabaki nyumbani nani apeleke mzigo? Nina miaka 22 kwenye usukani. Wewe na gari dogo ukikosea unachepuka mbele unarudi. Mimi nikikosea tawi nimebeba trela, sina pa kugeuzia. Usiku, mvua inapiga kioo, basi limenikinga mbele, kibao nakiona sekunde ya mwisho. Huo ndio uzembe wangu?

Kanyaga Twende: Sikutaja lori, mzee. Nimesema wasiojua kusoma.

Baba Lori: Umesema abaki nyumbani. Yapo juu hapo.

Mchoraji: Tukumbuke Uingereza. Miaka ya 60 walipojenga barabara kuu ya kwanza waliwapa wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert kazi ya kubuni vibao. Wakaacha herufi kubwa tupu, wakachanganya kubwa na ndogo, kwa sababu neno lina umbo lake na jicho hulitambua umbo hilo kutoka mbali.

Dada Ramani: Ni 1958, kaka, kule Preston. Miaka ya 60 ndipo wakahamia barabara nyingine zote. Lakini hoja yako naiunga mkono.

Kanyaga Twende: Yote hayo ya zamani. Siku hizi simu inakuambia shika kulia, unashika kulia.

Dada Ramani: Kulia ipi? Matawi mawili ya kulia yamefuatana, sauti inasema "shika kulia" mara moja. Na barabara zikipandana, simu mara nyingi haijui uko ya juu au ya chini. Mwaka jana nilimwamini huyo msemaji nikajikuta naelekea mji mwingine kabisa, mtoto mgonjwa kiti cha nyuma. Kwa hiyo ukiniambia kibao ni cha zamani, unanigusa pabaya.

Mchoraji: Pole sana, dada. Kuna yule msanii wa Los Angeles, Richard Ankrom. Alichoka na kibao kisichoonyesha mapema njia ya kuingia barabara namba 5. Mwaka 2001 akatengeneza alama mwenyewe, akavaa kama fundi wa barabara, akapanda akaibandika. Ilikaa zaidi ya miaka minane bila kuondolewa. Kibao kilipobadilishwa, kipya kikaja na alama hiyo hiyo.

Kanyaga Twende: Huyo mnamsifu? Kila mtu akipanda kubandika anachotaka, kesho tutasoma nini barabarani?

Mchoraji: Hakubandika anachotaka. Alifuata vipimo na rangi za serikali.

Kanyaga Twende: Ni kosa bado. Angeanguka juu ya magari je?

Dada Ramani: Hapo nakubaliana na Kanyaga, na sikutegemea. Ila aliyepaswa kuona aibu ni mwenye kibao.

Mchoraji: Barua unaandika mara ngapi ndipo usikilizwe?

Kanyaga Twende: Unaandika mpaka wakusikie. Sheria ni sheria.

Mshale Mmoja: Jamani, tulikuwa kwenye mishale.

Baba Lori: Mishale sawa, kijana, naiafiki. Lakini kibao cha kwanza kije kilomita mbili kabla, si mita 500. Nikiwa na mzigo, kuvuka leni tatu nahitaji mtu wa nyuma anipishe, na hanipishi. Kanyaga, bado nakusubiri kwenye lile la kubaki nyumbani.