Miaka 11 kazini, leo nimetolewa getini na SOKSI

Mgosi_wa_Mkanda:
Wakuu, leo sina salamu. Naandika sasa hivi miguu ikiwa bado inawaka, maana nikilala nitasamehe, na sitaki kusamehe.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule tajiri wetu wa kiwanda, bwana wa tai fupi inayoishia kitovuni. Kiwanda nacho mnakijua, nusu ya Tanga imeshapita pale na kibakuli cha wali kwapani.

Asubuhi tumekusanywa kantini. Sisi wajinga tukadhani ni nyongeza ya mshahara, kwa sababu wiki mbili nyuma walitupikia pilau wakasema "sisi ni familia moja". Ukiona tajiri anakulisha pilau na hakuna msiba wala harusi, anza kutafuta kazi. Majina yakasomwa kama matokeo ya darasa la saba, ila hapa ukitajwa ndiyo umefeli. Eti soko limeyumba. Soko limeyumba, gari lake jipya halijayumba, na mawe ya bustani yamepakwa chokaa juzi tu.

Sawa, kupunguzwa kazi ni jambo la dunia. Lakini soksi?

Getini mlinzi ana karatasi: kofia, miwani, ovaroli, buti. "Mali ya kampuni, mgosi, nisamehe, nimetumwa." Buti zile nimetoka nazo nyumbani alfajiri, ndizo viatu vyangu vya kazini, vya sokoni na vya mazikoni. Nikavua. Nikasimama kwenye kokoto, jua la saa saba, na soksi za kijivu za shule za mwanangu, kidole gumba cha kulia kinachungulia nje kama kobe. Hapo hapo gari lake likasimama. Kioo kikashuka taratibu, ubaridi wa kiyoyozi ukanifika mpaka kwenye nyusi. Nikasema moyoni, huyu anataka kuniaga. Miaka 11! Mkanda namba 3 ukilia usiku, mimi ndiye ninayejua ni beringi ipi inataka grisi kabla fundi hajaamshwa. Akanitazama miguuni, akapanda mpaka kichwani, akasema:

"Kofia umeirudisha?"

Kioo kikapanda.

Kofia! Mtu kasimama na soksi mbele yako, wewe unauliza kofia!

Nimepiga baiskeli mpaka Ngamiani. Pedali ya kushoto raba ilishakatika, kimebaki chuma na meno yake, na kila nikikanyaga nasikia: kofia umeirudisha, kofia umeirudisha. Watoto wakanisindikiza barabara tatu nzima wakidhani mji umepata mwehu mpya. Mke wangu kafungua mlango, hajauliza habari za kazi. "Viatu viko wapi?"

Chumvi_ya_Bahari:
Pole sana mkuu. Swali moja tu: kofia uliirudisha?

Wakili_wa_Kijiweni:
Tuache utani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38: mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio mapema, aeleze sababu, ashauriane na chama cha wafanyakazi kabla ya kupunguza watu. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Una siku 30 za kufungua shauri kule Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na NSSF uliza fao la kukosa ajira. Usilale.

Mgosi_wa_Mkanda:
Ahsante shehe, kesho naenda. Hiyo sheria inasemaje kuhusu soksi?

Chumvi_ya_Bahari:
Miaka 11 na kiinua mgongo kinaishia 10? Basi mwaka mmoja umewatolea sadaka. Mungu akulipe.

Awamu_ya_Kwanza:
Mimi nilipitiwa na panga lililotangulia. Kushauriana kulikuwepo, msiseme uongo. Mwakilishi wetu aliingia ofisini saa tatu, akatoka saa sita na meno yamejaa nyama. Hayo ndiyo mashauriano. Na mimi walinidai nusu mche wa sabuni.

Mpenda_Haki2:
Vifaa vya kazi ni mali ya mwajiri. Ulitaka atoke yeye na soksi? Watu mnapenda kulalamika.

Mgosi_wa_Mkanda:
Tai fupi, ingia kwa jina lako.

Mama_Deiwaka:
Kaka zangu nyie mna bahati, mmepewa barua. Sisi vibarua wa siku tunasimama getini saa kumi na moja alfajiri, foromani ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe, wewe toka. Miaka sita sijawahi kupunguzwa kazi kwa sababu kila siku nilikuwa sijaajiriwa. Buti nazisikia hapa. Mimi nimebeba magunia na malapa, moja jekundu, moja bluu.

Chumvi_ya_Bahari:
Dada umeshinda. Mwenye uzi akae pembeni.

Konda_Mstaafu:
Mnalilia viwanda, nani atatulilia sisi? Tangu stendi ihamie Kange, mgeni akishuka usiku bodaboda wanamtoza kama wanampeleka Mombasa.

Barabara_ya_Tisa:
Mwenye uzi, nina buti za mtumba namba 42, nzima kabisa. Njoo inboksi.

Mgosi_wa_Mkanda:
42 inanibana. 43 huna?

Kimanumanu_Damu:
Ngamiani nzima inalia soksi, na wale wa Coastal Union wanalia ubingwa wa ligi tangu 1988. Mji wa vilio huu.

Awamu_ya_Kwanza:
Kimanumanu, nyie wa African Sports siku hizi ubingwa mnausikia redioni.

Konda_Mstaafu:
Kocha akifukuzwa Coastal naye anarudisha buti?

Kimanumanu_Damu:
Zipi? Wanacheza kama wote wamevaa soksi.

Mgosi_wa_Mkanda:
Wewe Kimanumanu, koma. 1988 nilikuwa mabegani kwa baba pale Mkwakwani. Habari za ubingwa waachie wenyewe.