Naomba ushauri: seli za kome zinakufa hata bila kuwekewa kemikali

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, nafanya utafiti wa uzamili juu ya bisifenoli S (BPS), mojawapo ya kemikali zilizochukua nafasi ya BPA (bisifenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki) baada ya Ulaya kuizuia kwenye chupa za watoto mwaka 2011 na kwenye karatasi za risiti mwaka 2020. Nataka kujua kama mbadala huu una nafuu yoyote kwa seli za damu za kome wa ziwani.

Kome nawaokota upande wa Luchelele (wavuvi wananicheka, wanauliza nitawaunga kwa nazi au karanga). Damu naivuta kwa sindano kwenye msuli unaofunga gamba, naweka rangi ya nyutro redi, kisha naangalia kwa darubini inakaa muda gani ndani ya laisosomu (vifuko vya kusagia taka ndani ya seli). Shida ni kwamba hata seli ambazo hazijaguswa na BPS zinasinyaa na kuvujisha rangi ndani ya dakika 30. Nimeshusha DMSO (kimiminika cha kuyeyushia BPS) hadi asilimia 0.1, nimeweka damu kwenye barafu, nimebadilisha rangi. Wapi!

Mwongozo ninaoufuata ni wa kome wa baharini, na maji yake ya chumvi ya kuwekea seli ni makali karibu sawa na bahari. Nahisi mchawi ndiye huyo.

Aliyewahi kushika kome wa maji baridi, ulitumia chumvi kiasi gani? Na nikitumia majimaji ya damu yao wenyewe, nikishachuja seli, protini zake hazitaishika BPS na kunipotosha?